Dhana ya mwalimu humjenga ama humbomoa mwanafunzi

Ni jambo la kawaida katika shule zetu kwa mwalimu kumaliza majuma mawili tu na darasa jipya naye tayari amekwisha kuwagawa wanafunzi wake katika mafungu: wepesi, wa wastani na wazito. Wepesi huulizwa maswali yenye kina, na wakikawia kujibu hungojewa. Wazito nao, endapo wataulizwa kitu, huulizwa jambo jepesi lisilohitaji kufikiri, na wakisita kidogo swali hupelekwa kwa mwingine. Hakuna tusi lililotamkwa wala kiboko kilichoinuliwa. Hata hivyo, mwanafunzi si gogo. Ameyaona yote hayo na kuyatafsiri, na kabla ya muhula kwisha amekwisha kujiona kwa macho ya mwalimu wake.

Kwa mintarafu ya jambo hili, napenda tuyatazame upya maisha ya Helen Keller, mwanamke Mmarekani aliyepofuka na kuwa kiziwi angali mchanga, na ambaye hatimaye alikuja kuwa msomi, mwandishi na mtetezi wa wanyonge aliyefahamika ulimwenguni kote. Aghalabu maisha yake husimuliwa kama hadithi ya ushujaa wa mtu mmoja. Hapana shaka alikuwa shujaa. Lakini anayeyachunguza kwa makini atagundua kwamba maisha hayo ni historia ya dhana mbalimbali ambazo watu wazima walikuwa nazo juu ya mtoto mmoja. Wako waliomhurumia, yuko aliyemwamini, wako waliomshuku, na yuko aliyetaka kumlinda kupita kiasi. Kila dhana ilizaa matunda ya aina yake.

Helen Keller alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Babake, Arthur Keller, alikuwa amepigana katika jeshi la majimbo ya kusini na baadaye akawa mhariri wa gazeti. Mnamo Februari 1882, mtoto huyo akiwa na umri wa miezi kumi na tisa, alishikwa na homa kali. Ilipomtoka, ilikwenda na macho yake na masikio yake.

Watu wa nyumbani walimpenda mno, na kwa kumpenda walimhurumia, na kwa kumhurumia hawakumtaka afanye lolote. Alizunguka meza wakati wa chakula akitia mkono katika sahani ya kila mtu. Alipozuiliwa alipiga mateke na kujitupa chini. Siku moja alimfungia mamake katika stoo ya vyakula, akaketi nje akifurahia mtetemo wa mlango uliokuwa ukigongwa. Baadhi ya jamaa walimwona kama punguani, wakashauri apelekwe kufungiwa mahali. Alikuwa amebuni ishara zake mwenyewe: akitaka mkate aliigiza kitendo cha kukata na kupaka siagi, na akitaka aiskrimu aliigiza kuzungusha mashine yake kisha akatetemeka kwa baridi. Mtaalamu wa isimu akizitazama ishara hizo hawezi kukosa kuona akili inayotafuta lugha. Waliokuwa karibu naye waliona vituko tu. Yaani ushahidi ulikuwapo mezani kila siku; kilichokosekana ni jicho lililotarajia kuuona.

Wa kwanza kushuku kwamba mambo yangeweza kuwa vingine alikuwa mamake, Kate Keller. Alikuwa amesoma katika kitabu cha mwandishi Mwingereza Charles Dickens habari za Laura Bridgman, msichana asiyeona wala kusikia aliyefundishwa katika shule ya Perkins mjini Boston. Mnamo 1886 wazazi walimpeleka Helen kwa daktari wa macho mjini Baltimore, naye akawaelekeza kwa Alexander Graham Bell, yule mvumbuzi wa simu, ambaye alikuwa mwalimu wa viziwi. Bell aliwashauri waiandikie Perkins. Mkuu wa shule hiyo, Michael Anagnos, akawatumia mmoja wa wanafunzi wake waliohitimu mwaka huohuo.

Mwanafunzi huyo alikuwa Anne Sullivan, na hatuwezi kuielewa imani yake kwa Helen bila kujua alikotoka. Alizaliwa mwaka 1866 katika familia fukara ya wahamiaji kutoka Ireland. Ugonjwa wa macho ulimshika akiwa na umri wa miaka mitano hivi na kumwacha karibu kipofu. Mamake alipofariki, yeye na kakake mdogo walipelekwa mwaka 1876 katika nyumba ya mafukara ya Tewksbury, walikorundikwa pamoja wagonjwa, wazee na wendawazimu. Kakake alifia humohumo. Mnamo 1880, wakaguzi walipoizuru nyumba hiyo, msichana huyo aliwaendea na kuwasihi wampeleke shule. Aliingia Perkins akiwa na umri wa miaka 14, hajui kusoma wala kuandika, mwenye ulimi mkali na nguo za kuchekwa. Miaka sita baadaye ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya wenzake waliohitimu. Mtu aliyewahi kuhesabiwa miongoni mwa taka za dunia hakuweza kumtazama mtoto mwingine na kumhesabu hivyo.

Sullivan aliwasili Tuscumbia tarehe 3 Machi 1887, akiwa bado hajatimiza miaka 21. Baada ya siku chache, wakati wa chakula, Helen alipeleka mkono katika sahani ya mwalimu kama alivyozoea. Mwalimu alikataa. Jamaa walitoka chumbani, naye Sullivan akafunga mlango kwa ufunguo. Kukawa na vita vya kurusha vijiko, kuviokota na kuvirusha tena, hadi mtoto akala kwa kijiko chake mwenyewe na kuikunja leso yake ya mezani. Wazazi waliona ukatili. Kwa kweli ile ilikuwa heshima ya kwanza ambayo Helen alipata kupewa tangu augue, maana mwalimu yule alikuwa mtu wa kwanza kumdai kitu kwa kuamini kwamba angekiweza.

Kilichotokea tarehe 5 Aprili 1887 kinajulikana na wengi. Kwa mwezi mmoja Sullivan alikuwa akimwandikia Helen maneno kiganjani kwa alfabeti ya vidole, na mtoto akiyaiga bila kujua kwamba yana maana. Siku hiyo, katika pampu ya maji, mkono mmoja ukimwagikiwa na maji, mwalimu aliandika jina la maji katika mkono wa pili, na ghafla Helen akang'amua kwamba kila kitu kina jina. Kabla ya jua kutua alikuwa amejifunza maneno mengi mengine. Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa amemvunja mwanasesere wake kwa hasira, asijali. Aliporudi ndani akiwa na lugha, alivitafuta vile vipande, akajaribu kuviunganisha na kulia. Lugha ilikuwa imemletea majuto.

Wasimuliaji wengi hukomea hapo penye pampu. Kwa mtazamo wangu, tukio kubwa zaidi lilitukia siku chache baadaye, nalo halikuwa na kishindo. Sullivan alimchunguza binamu mdogo wa Helen, mtoto wa miezi kumi na mitano hivi, akaona kwamba mtoto yule alielewa mambo mengi mno kabla hajaweza kuyasema. Hakuna aliyemfundisha neno mojamoja kwa ratiba. Watu walimsemesha tu, sentensi kamili, kana kwamba anaelewa, na kwa kusemeshwa hivyo akaja kuelewa kweli. Mwalimu akaamua kuachana na vipindi vya kukaa mezani na kumsemesha Helen kiganjani mchana kutwa, kwa sentensi nzima. Katika barua zake za mwaka huo alieleza kwamba alikuwa ameanza kuishuku mifumo ya elimu ambayo msingi wake ni kumdhania kila mtoto kuwa mjinga asiyeweza kufikiri mpaka afunzwe kufikiri.

Sisi wanaisimu tunajua kwamba Sullivan aliligusa jambo la msingi. Tazama mama yeyote na mtoto wake mchanga. Humuuliza maswali, humjibia, humtania, humkaripia, ilhali mtoto hajui hata neno moja. Laiti mama angengoja mpaka mtoto athibitishe kwamba anaelewa ndipo aanze kumsemesha, mtoto huyo asingesema abadan. Kila mmoja wetu alijipatia lugha yake ya mama kwa sababu kulikuwa na mtu aliyemtarajia kuelewa kabla hajaelewa. Matarajio hayo ndiyo darasa la kwanza la binadamu. Ni ajabu, basi, kwamba mtoto yuleyule akifika shuleni tunambadilishia utaratibu na kumtaka athibitishe kwanza kwamba anastahili kutarajiwa mema.

Chini ya imani hiyo Helen alikua kwa kasi. Alisoma breli, akaandika barua, na mnamo 1890 akaanza kujifunza kutamka maneno kwa sauti. Kisha ukaja mkasa ambao kila mwalimu anapaswa kuujua.

Majira ya vuli ya 1891, akiwa na umri wa miaka 11, Helen alitunga hadithi kuhusu Mfalme wa Sakitu, yaani ile barafu nyembamba ya alfajiri ambayo wakulima wa Kinangop wanaifahamu vyema. Aliipeleka kwa Anagnos kama zawadi ya siku ya kuzaliwa kwake, naye kwa furaha akaichapisha mapema mwaka 1892. Punde ikagunduliwa kwamba ilifanana sana na hadithi ya mwandishi Margaret Canby iliyochapishwa miaka mingi kabla. Ilibainika kwamba Helen alikuwa amesomewa kitabu hicho kiganjani wakati wa kiangazi cha 1888, akakisahau, lakini maneno yakabaki kumbukumbuni mwake hata akayadhania kuwa yake.

Badala ya kulichukua jambo hilo kama funzo la jinsi kumbukumbu ya mtoto ifanyavyo kazi, Perkins iliunda baraza la uchunguzi la walimu na maafisa wanane, nusu yao vipofu. Sullivan aliamriwa atoke nje. Mtoto wa miaka 11 akahojiwa peke yake kwa takriban saa mbili na watu waliokwisha kumshuku. Helen alikuja kueleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1903, kwamba moyo ulimdunda hata akashindwa kujibu ila kwa neno mojamoja. Kura ziligawanyika nusu kwa nusu, naye Anagnos akaamua upande wa mtoto. Baadaye, hata hivyo, moyo wake ulimgeuka.

Madhara yake yalikuwa makubwa. Kwa muda mrefu kila alipoandika, hata barua kwa mamake, Helen alishikwa na hofu kwamba huenda sentensi ile si yake. Aliirudia mara kwa mara kwa vidole kuhakikisha hakuisoma mahali. Aliungama kwamba tangu hapo hakupata tena kucheza na maneno kwa furaha tupu ya kuyachezea. Cha kushangaza ni kwamba Margaret Canby mwenyewe, ambaye ndiye angelikuwa na haki ya kukasirika, alimwandikia kwa upole na kumtia moyo. Mwenye hadithi alisamehe. Walimu ndio walioshindwa. Na huyu alikuwa mtoto aliyekwisha kusifiwa ulimwenguni. Itakuwaje kwa mwanafunzi asiye na jina anayeandika insha nzuri kwa mara ya kwanza maishani mwake, na jambo la kwanza analoulizwa ni amenakili wapi?

Dhana ya nne ilikuja katika vazi la wema. Mnamo 1896 Helen alijiunga na shule ya wasichana mjini Cambridge, Massachusetts, ili ajitayarishe kuingia Radcliffe, chuo cha wanawake kilichoshirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard. Mkuu wa shule hiyo, Arthur Gilman, alikuwa mtu mwungwana, hata akajifunza alfabeti ya vidole ili amfundishe yeye mwenyewe. Mnamo Juni 1897 Helen alifaulu mitihani ya awali, na katika Kijerumani na Kiingereza akapata heshima. Hata hivyo, alipougua kidogo mwezi Novemba, Gilman aliamua kwamba mzigo ulikuwa umemwelemea, kwamba apunguziwe masomo na kuongezewa miaka, na hatimaye kwamba ni heri atenganishwe na Sullivan. Mamake Helen alisafiri akaja, akamsikiliza bintiye, na Desemba mwaka huo akamwondoa shuleni.

Gilman hakuwa mwovu. Alimtakia Helen mema. Lakini aliyaona maumbile yake kabla ya kuiona kazi yake, na huko kulikuwa ni kurudi mlemle mlikotoka: katika huruma ya Tuscumbia. Helen aliendelea na mwalimu wa faragha, na mwisho wa Juni 1899 akafanya mitihani ya mwisho. Siku mbili tu kabla, aligundua kwamba alama za breli za aljebra zingekuwa za mfumo wa Kimarekani, ilhali yeye alikuwa amezoea ule wa Kiingereza. Alijifunza alama hizo usiku wa kuamkia mtihani, akafaulu. Aliingia Radcliffe mwaka 1900 na kuhitimu kwa heshima mwaka 1904, akawa mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kupata shahada. Mihadhara yote aliipata kiganjani mwake, Sullivan akiharibu yale macho machache aliyobakiwa nayo kwa kumsomea vitabu visivyokuwa katika breli.

Maisha yake baada ya hapo yalikuwa ya kazi. Aliandika vitabu, akatetea haki za wanawake na za wafanyakazi, na kuanzia 1924 akafanya kazi na wakfu wa Marekani wa vipofu, akazuru nchi zaidi ya 30, ikiwemo Afrika Kusini mwaka 1951. Sullivan, ambaye Helen alimwita Mwalimu mpaka mwisho, alifariki mwaka 1936. Helen alifariki tarehe 1 Juni 1968, na majivu yake yakawekwa karibu na ya mwalimu wake katika kanisa kuu la kitaifa mjini Washington.

Mwaka huohuo wa 1968 watafiti wawili, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, walichapisha kitabu kuhusu utafiti waliofanya katika shule moja ya msingi jimboni California. Waliwaambia walimu kwamba wanafunzi fulani, kama mmoja katika kila watano, walikuwa wameonyesha dalili za kuchanua mwaka huo. Ukweli ni kwamba majina hayo yaliteuliwa kwa bahati nasibu tu. Mwisho wa mwaka, wale wa madarasa ya chini waliotajwa walikuwa wamewapita wenzao katika mtihani wa akili. Wataalamu wamebishana tangu hapo kuhusu ukubwa wa athari hiyo, na wengi huiona kuwa ndogo kuliko ilivyodaiwa mwanzoni. Wasichobishania sana ni kwamba matarajio humfikia mwanafunzi kupitia vitendo: muda anaongojewa ajibu, ugumu wa kazi anayopewa, na maelezo anayopata anapokosea.

Najua mwalimu mmoja atanikumbusha kwamba Sullivan alikuwa na mwanafunzi mmoja, ilhali yeye ana 60. Hoja hiyo ni ya haki. Isitoshe, familia ya Keller ilikuwa na uwezo, na watoto wengi wa hali kama ya Helen hawakupata mwalimu hata wa dawa. Imani pekee haijengi madarasa wala hainunui vitabu. Lakini kumngoja mwanafunzi mzito sekunde chache zaidi hakuhitaji bajeti. Kumrudishia insha yake ikiwa na maelezo ya namna ya kuiboresha, badala ya alama nyekundu peke yake, hakuhitaji kibali cha wizara. Na kuuliza kwa upole kabla ya kutuhumu hakujawahi kumpunguzia mwalimu heshima.

Pia tusikosee tukadhani kwamba kutarajia mema ni kumwaga sifa. Sullivan hakuwa mtu wa sifa tele. Alidai, akasahihisha, akadai tena. Mwanafunzi hutambua upesi sifa ya bure na kujua kwamba inaficha kukata tamaa. Humthibitishia thamani yake yule mwalimu anayempa kazi ngumu kisha akabaki kando yake mpaka imalizike.

Nanyi wanafunzi, msiichukue hoja hii kuwa kisingizio cha kulaza damu. Mwalimu wa Helen alikuwa na imani, lakini vidole vilivyojifunza zile alama za aljebra usiku vilikuwa vya Helen. Ikiwa kuna mtu shuleni au nyumbani anayekudai zaidi ya unavyojidai mwenyewe, usimwone adui. Na ikiwa aliyekuhukumu amekosea, kumbuka kwamba wale wanane wa Perkins pia walikuwa wasomi wenye vyeo, na walichokiona kwa mtoto yule kilikuwa kidogo mno kuliko kilichokuwamo.